Kumi Toa Tatu Jumlisha Mbili

Wapendwa, hamjambo tena. Mchungaji amenipa dakika kumi, na wale wanaonifahamu wameshaanza kucheka huko nyuma, kwa sababu wanajua mtu aliyefundisha shule miaka kumi na mmoja hajui dakika kumi ni kitu gani. Nitajitahidi. Mama Mchungaji, nikizidisha nioneshe saa.

Sikuja kusimulia kwamba niliponywa ugonjwa au niliponea ajali. Nimekuja kuwaambia jinsi nilivyofeli hesabu. Cheka tu kaka yangu, usijizuie. Mimi mnayeniita Mwalimu, mnayeniletea watoto wenu kila Jumapili baada ya ibada niwasaidie kazi za shule, nilifeli hesabu ya kumi, tatu na mbili. Majina ya watu sitataja. Langu mnalijua.

Nyumbani nilikuwa nafundisha hisabati darasa la tano mpaka la saba, shule ya msingi huko Handeni. Nilikuwa mkali. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema ili muelewe yanayofuata. Fimbo yangu nilikuwa naiweka juu ya meza kabla sijaweka chaki.

Sasa Watanzania wenzangu, hebu niambieni. Hesabu ndefu, yenye kujumlisha na kutoa na kuzidisha vyote pamoja, kanuni yake ni ipi? Eeh, nasikia. MAGAZIJUTO! Wakenya wanatushangaa, na ndugu zetu wa Kongo wanadhani tumetaja dawa ya minyoo. Ni hivi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Unafuata kama ilivyopangwa. Tulikaririshwa hivyo na walimu wetu, nami nikawakaririsha watoto. Kujumlisha kabla ya kutoa, basi, hakuna mjadala.

Siku moja niliandika ubaoni: kumi toa tatu jumlisha mbili. Binti mmoja wa darasa la tano akanyoosha mkono, akasema tisa. Nikamwambia rudia. Akasema tisa. Nikamwuliza kanuni inasemaje. Akaitaja vizuri kabisa. Basi jumlisha kwanza, tatu na mbili? Tano. Kumi toa tano? Tano. Sasa hiyo tisa umeitoa wapi?

Yule mtoto akaja mbele na mfuko wa nailoni, akamimina vizibo vya soda juu ya meza yangu. Akapanga kumi. Akaondoa vitatu. Akarudisha viwili. Akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Alipofika sita nikavifagia vyote kwa mkono, vikatawanyika sakafuni. Nikamwita jeuri. Darasa la tano bado unatembea na vizibo! Nikamchapa fimbo nne za viganjani, na kama hiyo haitoshi, nikawaambia wenzake wamzomee. Darasa zima likamzomea. Mimi nikaendelea na kipindi.

Miaka ikapita. Tukapata viza ya bahati nasibu, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili, tukaingia hapa Texas miaka ya tisini inaelekea mwisho. Tukapanga Euless, kwa sababu kazi ilikuwa uwanja wa ndege. Mimi nilipakia mizigo kuanzia mchana. Mke wangu alikuwa anawaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya wazee huko Fort Worth, na akitoka pale ana kazi nyingine ya usafi. Wote wawili tulitaka kusomea uuguzi. Hatukuweza kwenda pamoja, watoto wangelelewa na nani? Tukakubaliana zamu. Nitangulie mimi, nikishapata cheti, yeye aache kazi moja na aingie darasani.

Yeye ndiye aliyesema nitangulie. Aliniambia, "Wewe ni mwalimu, hutachelewa." Mama watoto yuko pale, safu ya pili, mwulizeni kama naongopa.

Nikaenda chuo cha hapa jirani, hivi wanavyoviita community college. Wakanipima kwa mtihani wa kompyuta, dakika zinakimbia pembeni ya kioo. Majibu yakaja: nianze na pre-algebra. Kwa wasioijua, hiyo ni hesabu ya kabla ya hesabu. Hata kwenye cheti haihesabiwi, lakini bila kuipita huoni mlango wa uuguzi. Nikamwambia yule dada wa usajili kompyuta yenu ina hitilafu. Akatabasamu, akanipa ratiba. Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi.

Mwalimu wetu alikuwa mzee wa hapahapa Texas, buti za ngozi, anaongea polepole utadhani analipwa kwa neno. Wanafunzi ni vijana wa miaka kumi na tisa. Mimi nimekaa mbele, shati limepigwa pasi, nimekunja nne. Wiki ya tatu akarudisha jaribio la kwanza. Nikaangalia karatasi yangu, wekundu mtupu. Kila penye kutoa kisha kujumlisha, nimekosa.

Nikasimama. Kwetu mwanafunzi husimama kwa heshima, lakini mimi nilisimama kwa shari. Nikamwambia umesahihisha vibaya, kujumlisha kunatangulia. Akasema, taratibu, "Hapana bwana. Hizo mbili ziko sawa. Unaanza na iliyo kushoto." Nikamwambia mimi nimefundisha hesabu miaka kumi na mmoja! Nyuma yangu kabinti kamoja kakasema kwa sauti ya huruma, "Mzee, ni tisa."

Loo! Ile huruma ndiyo iliyonimaliza. Nikakusanya vitabu vyangu nikatoka, na sikurudi. Hata kwenda ofisini kujiondoa rasmi sikwenda. Kwenye daftari lao nikabaki mwanafunzi, ila mwanafunzi asiyeonekana.

Na sasa ndugu zangu nawaambia aibu yangu kubwa, maana kufeli peke yake si dhambi. Nyumbani sikusema. Kila Jumanne na Alhamisi mke wangu alinifungia chapati mbili na chai kwenye chupa. Nikabeba begi, nikabusu watoto, nikaenda kuegesha gari mbele ya duka la kufulia nguo, mtaa wa nyuma. Nikakaa humo mpaka saa sita. Nikala chapati za shule bila shule. Usiku akiniuliza leo mmesoma nini, namwambia sehemu. Siku nyingine namwambia desimali. Muhula mzima! Mtu aliyerudi kutoka kazi ya pili, miguu imevimba, ananiuliza kwa furaha, nami namjibu desimali.

Mwisho wa muhula chuo kikatuma barua. Yeye ndiye aliyefungua sanduku la posta siku hiyo. Nilimkuta mezani, karatasi iko mbele yake, herufi moja tu katikati, F, imekaa peke yake.

Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Chapati ulikuwa unakulia wapi?"

Nikasema, "Kwenye gari."

Akaigeuza ile karatasi kunielekea. Halafu akasema, "Mtoto wa mtu akikudanganya hivi kule Handeni, ulikuwa unamfanyaje?" Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Akaikunja ile barua, akasema, "Muhula mmoja. Nimekuachia zamu yangu mara moja, nakuachia mara ya pili. Ukifeli tena naingia mimi, na wewe ndiye utakayenifungia chapati." Chuo nacho kilikuwa na sharti lake: ukifeli mara mbili, uuguzi usahau. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi moja tu.

Nikajiandikisha upya. Lakini msidhani nilikuwa nimetubu. Moyoni nilisema, nitawaandikia majibu yao wanayoyataka, ila ukweli naujua mimi. Kichwa kigumu, jamani!

Kilichonivunja ni mabegi. Ilikuwa Agosti, wiki moja kabla ya masomo kuanza, lami ya uwanja inachoma mpaka ndani ya viatu. Nina mabegi kumi kwenye mkokoteni. Msimamizi akaniita kwenye redio, matatu si ya ndege hii, yashushe. Nikashusha. Mwenzangu akaleta mawili yaliyochelewa, nikayapandisha. Redio ikauliza, "Unayo mangapi?"

Nikajibu, "Tisa."

Nilijibu bila kufikiri. Halafu nikasimama palepale na redio mkononi. Kumi, nimetoa tatu, nimejumlisha mbili. Nikayahesabu kwa kidole, moja moja. Nikayahesabu tena kutoka upande wa pili, labda nimekosea. Tisa. Ndugu zangu, miaka kumi na mmoja niliandika ile hesabu ubaoni, na sikuwahi hata siku moja kuchukua vitu kumi nikavihesabu.

Na mtu aliyenijia akilini si yule mzee wa buti. Ni yule mtoto na mfuko wake wa nailoni. Niliona vile vizibo vinavyoruka. Nikakaa juu ya begi la abiria nikalia, mwanaume mzima, ndege zinanguruma. Mwenzangu akadhani ni joto, akanimwagia maji kichwani.

Usiku nikamweleza mke wangu, na safari hii nikamweleza yote, pamoja na kumzomesha yule binti. Akaniuliza huyo binti yuko wapi. Nilikuwa najua, kwa sababu watu wa kwetu tunapashana habari. Aliolewa, yuko Houston, anafanya kazi jikoni hospitalini. Nikasema nitamtafuta kwa simu. Mke wangu akaniangalia juu mpaka chini. "Ulimpiga mbele ya watu, halafu umwombe radhi ukiwa umejilaza kwenye kochi?"

Basi Jumamosi alfajiri nikashika barabara ya kusini. Sikwenda mikono mitupu. Siku mbili kabla nilipita kwenye duka la Wameksiko pale jirani, wanauza soda za chupa za kioo, zenye vizibo kama vyetu. Nikanunua kumi. Watoto wangu hawakuamini bahati yao. Vizibo nikavitia kwenye mfuko wa nailoni, nikauweka kiti cha abiria. Mwendo wa saa nne na ushee, na njia nzima nilikuwa natafuta la kusema, sikulipata.

Mlango ukafunguliwa na mama mtu mzima, watoto watatu nyuma yake wananichungulia. Akanitambua mara moja. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Na mikono akaipeleka nyuma ya mgongo.

Sidhani kama alijua amefanya hivyo. Mimi niliona.

Nikakaribishwa, nikapewa chai. Nikasema niliyoyajia: kwamba siku ile wewe ulikuwa umepata na mimi ndiye niliyekosa, kwamba nilikupiga bure na nikakuzomesha bure, naomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Fimbo nilishasahau, Mwalimu. Tulichapwa wengi. Ni vile vizibo. Nilivikusanya likizo nzima kwenye kioski cha mjomba. Ulinikataza kuviokota." Akavuta pumzi. "Na tangu siku ile sijanyoosha mkono darasani. Darasa la saba sikufaulu. Sasa unataka niseme nimekusamehe ili urudi kwako ukalale vizuri. Leo sitasema."

Nikamwambia ana haki. Nikatoa ule mfuko nikaumimina mezani. Nikamwambia, "Siku ile sikukuacha umalize. Nakuomba umalize."

Alivivuta vile vizibo karibu yake. Watoto wakasogea. Akapanga kumi, kwa mstari. Akaondoa vitatu. Akarudisha viwili. Kisha akaweka kidole. Na ndugu zangu, hakuanza moja. Alisogeza sita pembeni kimyakimya, akasema, "Saba. Nane. Tisa."

Mtoto wake mkubwa akapiga makofi, hajui hata kwa nini. Mama mtu akacheka, halafu akalia, nami nikalia tena. Alipojifuta macho akaniambia, "Sasa makofi yangu yako wapi? Shuleni ukipata unapigiwa makofi." Nikainua mikono nipige. Akanizuia. "Wewe peke yako hutoshi. Nilizomewa na darasa zima." Nikamwahidi atayapata.

Kabla sijaondoka akaniuliza hicho chuo chenyewe kinafundisha nini. Nikaleta kitabu kutoka kwenye gari. Tukakifungua palepale kati ya vikombe na vizibo, tukafanya kurasa nne. Ana akili kali yule mtu! Akafunga kitabu akasema, "Hata hapa Houston vyuo vipo. Najiandikisha, na tuone nani atampita nani."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kweli. Siku ya kwanza ya muhula nilikwenda ofisini kwa yule mzee wa buti kabla ya kipindi, nikamwomba radhi, nikamwandikia MAGAZIJUTO kwenye karatasi nikamfafanulia. Akacheka, si kwa dharau. Akasema vijana wa hapa nao wana neno lao, na kila mwaka wanaanguka shimo hilohilo. Akanieleza kwamba kujumlisha na kutoa wamesimama foleni moja, aliyetangulia kushoto ndiye anayehudumiwa kwanza, hakuna kurukana. Kumbe na kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo. Nikarudi kukaa mbele. Safari hii nilipokuwa sijaelewa, nilinyoosha mkono. Mkono ulikuwa mzito, nawaambia, mzito kuliko begi lolote nililowahi kupakia.

Namba hasi zilinitesa. Sehemu zenye herufi ndani zilinitesa zaidi. Nilitembea na vikaratasi vya hesabu kwenye mfuko wa sare, kila ndege ikichelewa natoa kimoja. Vizibo vyangu vilikaa mezani nyumbani, chumvi na vizibo, na kanuni yoyote niliyofundishwa niliijaribu kwanza kwa vizibo kabla sijaiamini. Na kila Jumamosi saa nne simu inalia kutoka Houston. "Mwalimu, namba kumi na saba umepata ngapi?" Namwambia. "Umekosa. Rudia." Hakuna shikamoo, hakuna salamu! Alinipigisha hesabu mpaka jasho. Kuna Jumamosi mbili alinikuta nimekata tamaa kabisa, nikamwambia kichwa changu kimezeeka, niache. Akanijibu, "Huruhusiwi. Mimi niliacha kwa sababu yako, wewe utaacha kwa sababu ya nani?"

Mtihani wa mwisho nilimaliza wa mwisho kabisa chumbani. Nikapata themanini na moja. Yule dada, chuoni kwake Houston, akapata tisini na nne. Alinipigia mwenyewe kunitambia, na bado hachoki.

Sasa mnaniona na sare ya uuguzi, mnajua namna nilivyoipata. Na zamu ilirudi kwa mwenyewe. Mama watoto yuko darasani muhula huu, mwaka wake wa pili, na chapati namfungia mimi. Ni ngumu kama soli, lakini anakula. Mke wangu, nakushukuru mbele ya watu hawa. Ungeweza kuichana ile barua na kunichana na mimi. Yule mwalimu wa buti hayupo hapa, wala Kiswahili hajui, lakini nimemshukuru ofisini kwake na leo namshukuru tena.

La kuwaachia ni dogo. Akija mtoto wako na jibu lisilofanana na la kanuni yako, mwache amalize kuhesabu. Mtazame mpaka tisa. Kama amekosa utaona, na kama umekosa wewe pia utaona. Na kama kuna mtu hapa leo anakula chapati kwenye gari, kaka, dada, nenda nyumbani ukaseme.

Mama Mchungaji ananionesha saa. Namalizia, nina ahadi ya kutimiza.

Mpaka leo hajaniambia neno nimekusamehe, nami sijamwuliza tena. Lakini asubuhi hii ameendesha gari kutoka Houston na watoto wake watatu, na yuko pale mlangoni, kitenge cha kijani. Nimemwomba ruhusa, amekubali mradi nisitaje jina. Dada, naomba usimame. Mikono mbele, tafadhali, mikono mbele.

Kanisa zima, Tanzania, Kenya, Kongo, leo ninyi ndio darasa langu la tano. Watanzania mtaanzisha makofi ya kilo, yale ya shuleni, wengine mtatufuata, hayana ugumu. Mniazime sauti zenu kwanza. Dada, kumi toa tatu jumlisha mbili ni ngapi?

Semeni wote, mmesikia amejibu ngapi?

Amepata. Mpigieni makofi.